Mtaa Asioonyeshwa Mgeni: Shinyanga na Geita katika Maandishi ya Kiswahili

Mwaka 1931 watu watatu wa Tanganyika walivuka bahari kwenda London. Waliitwa kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza iliyokuwa ikichunguza shauri la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Mmoja wao alikuwa Martin Kayamba, mzaliwa wa Mbweni hapa Unguja, Mbondei kwa kabila na karani wa serikali kule Tanga. Wa pili alikuwa Francis Lwamugira wa Bukoba. Wa tatu alikuwa Makwaia, mtemi wa Usiha katika nchi ya Shinyanga. Mwaka uliofuata Kayamba alichapisha kitabu alichokiita *Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza*. Wanahistoria wa nathari ya Kiswahili wamekwisha kukitaja kitabu hicho mara nyingi. Jambo ambalo halikutazamwa sana ni silabi ya mwanzo ya jina lake.

Silabi hiyo ni *tu*. Kisarufi hukusanya watu na kuwafanya kitu kimoja: mimi na wenzangu. Walioona walikuwa watatu, ila mkono ulioshika kalamu ulikuwa mmoja, na mkono huo ulifundishwa kuandika katika skuli ya Kiungani. Kayamba hana lawama kwa hilo. Aliandika alichoweza kukiandika, kwa lugha aliyoimiliki, na bila yeye pengine safari ile isingebakiza athari yoyote katika Kiswahili. Hata hivyo, swali linabaki. Mtemi aliyetoka katika nchi ya mtama na ng'ombe, alipotembezwa katika jiji kubwa kuliko yote ya Ulaya ya zama zile, alikuwa akilipima jiji hilo kwa kipimo gani? Aliuona wapi umaskini wake, aliyajuaje majirani zake, aliusikiaje usiku wake? Rafu ya Kiswahili haina kitabu cha kulijibu swali hilo. Ina kitabu cha mtu wa pwani kinachosema *tu*, na ndani ya *tu* hiyo Shinyanga imekaa kimya.

Kimya hicho ni cha zamani, na kina mpangilio wake. Katika *Safari za Wasuaheli*, mkusanyo uliotolewa na Carl Velten mwaka 1901, zimo safari za pande mbili. Salim bin Abakari anasimulia alivyokwenda Urusi na Siberia. Selemani bin Mwenye Chande anasimulia alivyoingia bara la Afrika. Msomaji akizisoma kwa pamoja, kisha akaongeza maisha ya Tippu Tip kama alivyoyasimulia mwenyewe, atatambua kwamba pwani ilikuwa na macho mawili. Kwa jicho moja iliitazama Ulaya, na mbele ya jicho hilo kila kitu kilistahili kuelezwa: baridi, chakula, majumba, desturi za watu. Kwa jicho la pili iliitazama bara, na huko kilichohesabiwa aghalabu kilikuwa hongo, njaa, vita na bei ya pembe. Ulaya ilikuwa mahali pa kutazamwa. Bara ilikuwa mahali pa kupitwa.

Yafaa kulikumbuka hilo hasa wakati huu, ambapo uandishi wa safari duniani umebadilisha mtindo. Vitabu vinavyoelekeza wageni London, Paris au Roma havitosheki tena na mnara, daraja na jumba la mfalme. Vinamwambia msomaji aache njia kuu, aingie mtaa wa nyuma, atafute mkahawa usio na foleni, bustani isiyo na lango na soko la Jumamosi ambalo mgeni wa kawaida halifikii. Wito huo una wema wake, kwa kuwa unakiri kwamba mji si kilemba chake. Lakini una kasoro moja ambayo mhakiki hana budi kuionyesha. Mahali husemwa kwamba "hapajulikani", na msomaji hajiulizi: hapajulikani na nani? Mkate huokwa pale kila alfajiri, watoto huzaliwa na wazee huzikwa. Asiyepajua ni mgeni tu, na ujinga wake umefanywa kuwa sifa ya mahali.

Msomaji wa visiwani halihitaji somo hili kutoka mbali. Mgeni afikapo Unguja huonyeshwa Mji Mkongwe, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000: milango ya nakshi, baraza, vichochoro. Ng'ambo ya pili, kule Miembeni, Kikwajuni na Mwembetanga, ndiko walikokaa kwa wingi waliobeba mizigo ya mji huo, waliopika vyakula vyake na kuimba nyimbo zake. Ng'ambo haikungoja mgeni aigundue. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyekuja mjini na kuishi huko, aliipa sauti. Sauti hiyo ikanaswa katika sahani za santuri Bombay mwaka 1928 na kurudi ikiimba mambo ya mtaa mbele ya mji mzima. Baadaye Shaaban Robert, bingwa wa lugha kutoka Tanga, akaona kwamba maisha ya mwanamke huyo yanastahili kitabu. Hivyo basi Kiswahili kinao uwezo wa kuuandika mtaa. Kilifanya hivyo pale kilipokubali kwamba mtaa ulikuwa umekwisha kujieleza wenyewe.

Kipimo hicho kikipelekwa Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, upungufu hujidhihirisha mara moja. Jina la Shinyanga limebebwa duniani na jiwe. Mwaka 1940 John Williamson, mjiolojia wa Canada, aliipata almasi ya Mwadui. Mwaka 1947 ilitoka humo almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5, ikatolewa zawadi ya harusi kwa binti mfalme Elizabeth. Ilikatwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikawekwa katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua. Kwa hiyo Shinyanga imekwenda London mara mbili ndani ya miaka kumi na sita. Mara ya kwanza ilikwenda kwa miguu ya mtemi aliyekuwa na maneno ya kusema, na maneno yake hayakupata kitabu. Mara ya pili ilikwenda kwa jiwe lisilo na ulimi, nalo likaandikwa kila mahali. Hadithi ya uandishi juu ya Shinyanga imo ndani ya safari hizo mbili.

Baada ya almasi, Shinyanga husikika pwani kwa habari mbili nyingine: ukame, na mauaji ya vikongwe. Habari hizi si uongo. Kwa miongo mingi, Shinyanga na mikoa jirani, wanawake wazee waliuawa kwa kushukiwa uchawi, na miongoni mwa vilivyoitwa dalili ni macho mekundu. Wengi wameeleza kwamba macho hayo yaliwekundishwa na moshi: mwanamke aliyetumia umri wake wote akipuliza moto jikoni, kuni zikawa haba, akapikia mabua ya mazao na samadi kavu ya ng'ombe. Hapa ndipo suala la kuona na kutoona linapoacha kuwa mchezo wa wasomi. Mtu aliyesoma macho ya jirani yake vibaya alimuua. Na mwandishi wa mbali aliyeandika "Shinyanga ni nchi ya wachawi na wauaji wa wachawi", bila ya kuuliza kuni zilikwenda wapi, naye alikuwa msomaji mbaya wa macho hayohayo, ijapokuwa mkono wake haukushika panga.

Kuni zilikwenda wapi? Jibu liko Old Shinyanga, kata iliyo nje kidogo ya kitovu cha manispaa, ambayo mgeni hana sababu ya kuifikia kwa kuwa haina jumba la kupigia picha. Hapo ndipo serikali ya mkoloni ilipoweka makao ya utafiti wa mbung'o. Tangu miaka ya 1920 watu wa Shinyanga, wakiitwa na watemi wao, walijitokeza kwa wingi kufyeka vichaka ili kumnyima mdudu huyo kivuli, na nchi ikafunguka kwa ng'ombe. Baadaye pamba ilitaka mashamba, na vijiji vilivyokusanywa katika miaka ya 1970 vilitaka nguzo na kuni pamoja. Hadi kufika katikati ya miaka ya 1980, nchi iliyosifiwa kwa mifugo ilikuwa ikitajwa kama jangwa. Mwaka 1986 ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI.

Kilichoirudisha miti ni *ngitili*, neno na desturi ya Kisukuma: sehemu ya ardhi inayofungwa wakati wa mvua ili majani na miti ipate kukua, kisha ikafunguliwa kiangazi kikali ng'ombe waokoke. Ni akiba iliyowekwa ardhini badala ya ghalani. Chini ya HASHI desturi hiyo ilirejeshwa na kupanuliwa hadi kufikia zaidi ya hekta 300,000 zilizohifadhiwa na familia na vijiji, na mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Ngitili haina mnara wala kiingilio. Mpita njia wa barabara kuu ya kwenda Mwanza anaona pori tu. Lakini mwenyeji anaona ndani yake sheria, ugomvi wa mipaka, dawa, asali, na mkate wa mwaka ujao. Mshairi wa Kiswahili ambaye ameimba mnazi, mkarafuu na mwembe kwa karne kadhaa angeipata hapo mada ambayo haijaguswa: kitu kinachopendeza kwa sababu watu wamekubaliana kutokiingia.

Je, fasihi andishi imefanya nini? Haki inataka isemwe kwamba haikukaa kimya kabisa. Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, katika *Dunia Uwanja wa Fujo* ya mwaka 1975 anampeleka mhusika wake Tumaini Shinyanga, akawa mkulima mkubwa, hadi siasa ya ujamaa ilipomfikia na kisa chake kuishia katika damu na hukumu. Riwaya hiyo ni nzito na haijachakaa. Hata hivyo Shinyanga iliyomo ni uwanja wa hoja kuliko mahali pa kukaa. Mwandishi alihitaji ardhi pana ambapo mali ya mtu mmoja ingegongana na shabaha ya taifa. Ardhi hiyo aliipata, akaitumia vizuri. Majirani wa Tumaini, kwa mizani ya mahali, ni wepesi kuliko mawazo yake. Emmanuel Mbogo naye, katika tamthilia *Ngoma ya Ng'wanamalundi* ya mwaka 1988, alimtwaa mchezangoma na mganga mashuhuri wa Usukuma akampandisha jukwaani. Hatua hiyo ilikuwa kubwa, kwa kuwa iliwaambia wasomaji wa Kiswahili kwamba bara inazo ngano zake zenye uzito wa kubeba fikra za leo. Ila ngano ni kilele cha mlima. Mtaa uko bondeni.

Aliyelifikia bonde ni Aniceti Kitereza, naye wa Ukerewe. *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali* ilimalizwa kwa Kikerewe mwaka 1945, ikasubiri miaka thelathini na mitano hadi kuchapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Wahakiki wengi walilalamikia urefu wake na maelezo yake ya jinsi pombe inavyotengenezwa, shamba linavyolimwa na ugonjwa unavyoagulika. Walichokiita kasoro ndicho kilichokuwa fundisho. Kitereza haonyeshi kisiwa chake kwa mgeni. Anakaa humo, na msomaji analazimika kukaa naye. Hakuna jambo lililo dogo mno kuelezwa, kwa kuwa katika maisha ya Myombekere na Bugonoka, wanaotafuta mtoto, jambo dogo ndilo linalobeba ndoa. Ukanda wa Shinyanga na Geita haujampata Kitereza wake kwa Kiswahili. Hiyo ndiyo hukumu, na si ndogo.

Pengo hilo linauma zaidi Geita. Dhahabu yake ilijulikana tangu zama za Wajerumani. Mgodi wa kwanza mkubwa ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1960, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza kuzalisha mwaka 2000. Mwaka 2012 Geita ikawa makao ya mkoa mpya wenye jina hilohilo. Mgeni rasmi huonyeshwa shimo la mgodi, magari yanayolingana na nyumba, na uzio. Hapelekwi Nyarugusu, Rwamgasa wala Mgusu, ambako wachimbaji wadogo wamekuwa wakifuata mshipa wa dhahabu kwa mikono. Wala Katoro, mji wa biashara uliokua kwa fujo na uhodari, ambako mtu wa Kigoma, wa Kagera, wa Mara na wa Shinyanga hukutana wote wakiwa wageni. Katika miji ya namna hiyo mtaa haurithiwi. Hujengwa upya kila dhahabu inaposikika, na huhamwa inapokwisha.

Kwa mpenzi wa lugha, utajiri wa huko haumo ardhini tu. Katika Kiswahili cha skuli, duara ni mviringo wa somo la hesabu. Machimboni, duara ni shimo la kuchimbia linaloshuka wima, na mwenye duara ni mtu mwenye wadhifa, wafanyakazi na madeni. Mwalo, ambao kwa wavuvi wa Ziwa ni ufuko wa kushushia samaki, kwa wachimbaji ni mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu. Matimba ni magogo yanayozuia ukuta usiporomoke. Karasha ni mashine ya kusagia mawe. Marudio ni mchanga uliokwisha kuoshwa, ambao hauachwi, kwa kuwa yupo atakayeununua akautafutia dhahabu iliyomponyoka wa kwanza. Neno hili la mwisho peke yake ni beti. Mshairi anayeyatafuta maneno adimu katika tenzi kongwe hafanyi kosa. Lakini maneno yanazaliwa leo, yana vumbi, na hakuna anayeyakusanya kwa heshima inayostahili.

Maneno hayo yana damu ndani yake. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, upande wa Kahama, kupisha uchimbaji mkubwa. Mgodi ulianza kuzalisha mwaka 2001. Jina la Bulyanhulu likabaki katika ripoti na mashauri, na mtaa uliokuwa juu yake ukatoweka bila ya riwaya. Oktoba 2015 duara liliporomoka Nyangalata, Kahama, na wachimbaji watano wakatolewa hai siku 41 baadaye. Walikuwa wamekula wadudu na vyura, na kunywa maji yaliyochuruzika kwenye mwamba. Magazeti ya dunia yaliwatangaza kwa siku chache kama ajabu. Hakuna aliyeuliza kwa kirefu walizungumza nini gizani, waligawanaje zamu ya matumaini, ni wimbo gani mmoja wao aliuanza na nani aliuitikia. Hayo si maswali ya mwandishi wa habari. Ni maswali ya mwandishi wa riwaya na wa shairi, na hadi leo yanangoja mwenye kuyauliza.

Huenda msomaji akapinga kwamba watu wa huko hawahitaji Kiswahili cha vitabu, maana wanazo nyimbo zao. Pingamizi hili ni zito na halifai kupuuzwa. Usukuma ni nchi ya nyimbo za kazi na za mashindano. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vimeshindana kwa vizazi baada ya mavuno, kila kimoja kikitafuta kuvuta watazamaji wengi kwa ufundi, dawa na maneno makali. Ngoma ya bugobogobo ilitoka shambani, wachezaji wakirusha majembe hewani na kuyadaka kwa mdundo uleule unaowalimisha. Makumbusho ya Bujora, nje kidogo ya Mwanza, yamehifadhi sehemu ya urithi huo. Mwaka 2010 Frank Gunderson, mtafiti wa muziki kutoka Marekani, alichapisha kitabu kikubwa cha nyimbo za kazi za Wasukuma pamoja na maelezo yake: nyimbo za wapagazi, za wawindaji, za wakulima. Kwa hiyo mtaa umekwisha kujieleza, kama Ng'ambo ya Unguja ilivyojieleza.

Ila hapo ndipo aibu inapojitokeza. Mtu anayetaka kuzisoma nyimbo hizo kwa wingi na kwa maelezo ya kina atazipata kwa Kisukuma na kwa Kiingereza. Kiswahili, lugha ya taifa ambayo Wasukuma, kabila kubwa kuliko yote Tanzania, wanaisema kila siku sokoni na ofisini, kimerukwa. Daraja limejengwa kutoka Shinyanga hadi chuo kikuu cha ng'ambo ya bahari, na limepita juu ya Zanzibar na Dar es Salaam bila ya kutua. Pwani ilizoea kuamini kwamba Kiswahili ndicho kinachoipeleka bara duniani. Katika jambo hili bara imekwenda yenyewe, na Kiswahili kimebaki bandarini kikingoja abiria.

Sababu moja ya kubaki nyuma ni desturi ya uhakiki wenyewe. Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, na wenzake wa nchi za Ziwa walipoandika mashairi yasiyofuata vina na mizani, mjadala ulijikita mno katika swali moja: je, hili ni shairi au si shairi? Mizani ilihesabiwa, hukumu ikatolewa, kwa na dhidi. Swali la pili halikupata nafasi ya kutosha: sikio lililokulia mbali na tumbuiza na utenzi, likakulia kando ya nyimbo za kulima na za mashindano, linausikiaje mdundo? Pengine jibu lisingeubadilisha msimamo wa yeyote juu ya arudhi. Lakini lingewafanya watetezi wa pwani wamtambue mpinzani wao kama jirani mwenye mtaa wake, wala si mwanafunzi aliyefeli mtihani wa mtaa wa mwingine.

Onyo moja linastahili kuambatana na wito wowote wa kwenda kuuandika mtaa wa machimbo. Kosa la kupita bila kuona lina pacha wake, nalo ni kosa la kuona na kupamba. Mwandishi akifika Rwamgasa akavutiwa na ujasiri wa watu, anaweza kuufanya umaskini kuwa pambo: mchimbaji mwenye mwili uliopakwa vumbi, mama anayeponda mawe jua likizama. Picha hiyo inasahau zebaki inayochanganywa kwa mikono mitupu na kuchomwa karibu na mahali pa kulia chakula, inasahau mtoto ambaye angekuwa skuli, inasahau deni. Sifa ya uongo huumiza sawa na dharau, tena huchelewa kugunduliwa. Vilevile kuandika juu ya ngitili kana kwamba ni bustani ya peponi ni kusahau kwamba ipo ngitili ya tajiri mwenye ng'ombe wengi, na yupo maskini aliyefungiwa nje ya majani. Mtaa ulioandikwa kwa haki una uzuri wake na wizi wake katika sentensi moja.

Wahenga walikwisha kutoa kanuni inayotosha kuwa msingi wa uhakiki wa maandishi yote ya safari: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida methali hii hutajwa kama ukali wa mwenyeji aliyechoka kulisha. Inaweza kusomwa pia kama ukarimu wa hali ya juu. Siku mbili za kwanza mgeni huonyeshwa. Hukalishwa mahali pazuri, hupewa nyama, huambiwa yale yanayofaa kuambiwa. Jembe ndilo linalomwingiza ndani. Akishalishika, anajua udongo ni mgumu kiasi gani, nani halimi na kwa nini, nani anaanzisha wimbo na nani anauitikia, na macho ya nani yamewekundishwa na moshi. Karibu maandishi yote ya Kiswahili juu ya Shinyanga na Geita yaliandikwa katika siku mbili za kwanza. Hata ya London mwaka 1931 yalikuwa hivyo, kwa kuwa mashahidi wa Bunge walikuwa wageni wa heshima, na mgeni wa heshima hapewi jembe.

Kazi iliyopo, basi, inajulikana. Ni kuzitafsiri kwa Kiswahili fasaha nyimbo za Usukuma zilizokwisha kukusanywa, kwa ushirikiano na waimbaji wenyewe wanaojua zilipochongwa. Ni kuyaandika maneno ya machimbo katika kamusi kwa maana zake za machimbo. Ni kumsoma Kitereza upya kama mwalimu wa namna ya kukaa mahali. Na ni kurasa za mashairi za pwani, ambazo zimejivunia ukarimu tangu zamani, kumpokea mshairi wa Kahama au Katoro anayeleta duara lisilo mviringo na marudio yasiyo kituo cha wimbo, bila ya kumtaka kwanza auache mtaa wake mlangoni. Siku atakapopokelewa hivyo, *tu* ya Kiswahili itakuwa imepata watu wake wote.